Nimeshinda kesi lakini hela sijaiona: wenye uzoefu wa kukazia hukumu njooni hapa

Fundi_Vyuma (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba msinicheke.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Miaka mitatu iliyopita nilimtengenezea jamaa mmoja mkandarasi mageti mawili, grili za madirisha 26 na ngazi ya chuma. Alitoa kianzio, nikamaliza kazi, akabeba mzigo wake. Salio likawa kesho, likawa wiki ijayo, mwisho simu ikawa haipokelewi. Nikaenda mahakamani. Kesi imekula mwaka mmoja na miezi saba. Nikashinda: salio langu, riba na gharama za kesi. Siku ile nilitoka na nakala ya hukumu nimeikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba hela yenyewe.

Leo ni mwezi wa nane tangu hukumu, sijaona hata senti. Nilipompigia akanijibu, "Si ulishinda? Kaidai mahakama." Nikarudi mahakamani, karani akaniuliza, "Umeleta maombi?" Maombi gani tena? Nilijua hakimu akishasema lipa, mtu analipa, na asipolipa wanamfuata. Kumbe hakuna anayemfuata!

Kinachoniuma zaidi ni pikapu yake. Siku chache baada ya hukumu imehamishiwa jina la shemeji yake. Lakini kila asubuhi napishana nayo, na anayeendesha ni yeye. Hata keria iliyo juu niliichomelea mimi, bure, kama ofa ya mteja mzuri.

Nifanyeje? Nawasilisha.

---

Kibao_Kata

Pole sana mkuu. Nakaa mbele kabisa na daftari, maana na mimi nina langu.

---

Ngumi_Mkononi

Tafuta vijana wanne wa mazoezi, wapeleke kwake usiku. Wiki hiyo hiyo unalipwa.

---

Karani_Mstaafu

Ngumi, ushauri wako ndio utakaomgeuza mwenye haki kuwa mshtakiwa. Mdaiwa atapiga ripoti polisi, halafu wewe mwenye hukumu ndiye utakayekuwa unatafuta dhamana.

Fundi, nimekaa masijala zaidi ya miaka ishirini. Sura uliyokuwa nayo pale dirishani naijua, nimeiona kwa mamia ya watu. Mahakama kazi yake ni kusema nani ana haki. Kukusanya hela haianzi yenyewe mpaka wewe uiombe. Si jambo la leo wala la nchi moja. Mwaka 1872 Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa likisikiliza rufaa kutoka makoloni, lilisema wazi kwamba taabu za mdai nchini India huanza pale anapopata tuzo. Sheria ya mwenendo wa madai ya India ya mwaka 1908 ndiyo mama wa sheria za nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza, Afrika Mashariki ikiwemo. Kwa hiyo taabu hiyo tumerithi pamoja na majoho.

Sasa fanya hivi. Kwanza ujue hukumu na tuzo ni karatasi mbili. Hukumu ni yale maelezo marefu ya hakimu na sababu zake. Tuzo, wengine wanaiita dikrii, ni ile karatasi fupi inayosema fulani amlipe fulani kiasi kadhaa. Inayokazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama, ni tuzo. Nimewaona watu wakija na hukumu ya kurasa kumi na nne, tuzo hawajawahi hata kuiomba. Uliichukua?

Pili, fomu ya maombi ya kukazia hukumu. Itakuuliza namba ya kesi, majina ya pande zote, tarehe ya tuzo, kama kuna rufaa, kama kuna chochote kimeshalipwa, kiasi kilichobaki pamoja na riba na gharama. Haya yote unajaza kwa dakika kumi. Kinachowaangusha watu ni kipengele cha mwisho: unataka mahakama ikusaidie kwa njia gani? Hapo ndipo mtu anaandika "mahakama imlazimishe anilipe". Hiyo si njia, ni kilio. Uandike: kukamata na kuuza mali fulani, iliyopo mahali fulani. Au kuzuia fedha zilizo kwa mtu fulani. Au kumkamata mdaiwa na kumpeleka kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa ajili ya deni. Mahakama haitakutafutia mali ya mtu. Unaitafuta wewe, unaileta na anwani yake.

---

Fundi_Vyuma

Mzee wangu shikamoo. Tuzo sina. Nilidhani ni kitu kimoja. Jumatatu naenda.

---

Kibao_Kata

Hivi muda haumpiti? Miezi nane yote hiyo.

---

Karani_Mstaafu

Marahaba, Fundi. Kibao, miezi nane si kitu. Kenya na Tanzania sheria ya ukomo inatoa miaka 12 kukazia tuzo. Uingereza ikipita miaka 6 unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama kabla ya kutuma watu wa kukamata mali. Lakini usijivunie muda mrefu. Mdaiwa naye anautumia: anahamisha, anauza, anafilisika, anahama mji. Maombi ya mwezi wa kwanza na ya mwaka wa tano hayalingani hata kidogo.

---

Mpekuzi_wa_Zamani

Wanaosema sheria za siku hizi zinambembeleza mdaiwa, wasome Sheria za Meza Kumi na Mbili za Roma, karne ya tano kabla ya Kristo. Ukishahukumiwa unapewa siku 30. Zikiisha, anayekudai anakushika kwa mkono wake, anakupeleka mbele ya hakimu, na kama hakuna wa kukudhamini anakufunga minyororo kwake siku 60. Katika siku hizo unapelekwa sokoni siku tatu za gulio, deni linatangazwa kwa sauti, labda atatokea ndugu wa kukukomboa. Asipotokea, unauzwa ng'ambo ya mto Tiber au unauawa.

---

Ngumi_Mkononi

Hao ndio watu wangu.

---

DadaWakili

Ngumi acha hizo 😂 Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Neno la kushika hapo ni *ameshindwa*. Anayeweza kulipa na anakataa ni habari nyingine, na ndiye kifungo cha madai kimewekewa.

Ila Fundi, usikimbilie huko. Kwenye sheria zetu hizi za ukoo mmoja, anayeomba mdaiwa afungwe ndiye anayelipia chakula chake gerezani, na analipa mapema. Ukiacha kulipa anatoka. Akishatoka, deni linabaki palepale lakini huwezi kumkamata tena kwa tuzo hiyo hiyo. Kwa hiyo ni risasi moja. Inafanya kazi kwa mtu mwenye hela anayeogopa aibu, na mara nyingi analipa akiwa bado kwenye ngazi za mahakama. Kwa mtu asiye na kitu umemfungulia hoteli.

Nijibu maswali matatu:
1. Tuzo ni dhidi yake yeye kwa jina lake, au dhidi ya kampuni?
2. Sasa hivi ana kazi gani, anajenga wapi, kwa nani?
3. Hela yako alikuwa anakulipa kwa njia gani, taslimu au benki?

---

Fundi_Vyuma

Dada yangu ahsante.
1. Yeye kwa jina lake. Makubaliano tuliandika mimi na yeye, risiti ya kianzio nimemwandikia yeye.
2. Anajenga bweni la chuo fulani. Kibao cha mradi kimesimama pale nje, kina jina la kampuni yake. Nasikia kampuni ni yake peke yake na mkewe.
3. Kianzio kilikuja kwa benki. Nina ile karatasi, akaunti ni yake binafsi.

---

DadaWakili

Nimefurahi na nimesikitika kwa pamoja.

Nianze na nilichotamani. Hela rahisi kuliko zote kukamata ni ile ambayo bado haijamfikia mdaiwa. Chuo kinamdai kazi, yeye anakidai malipo. Unaomba mahakama ikiamuru chuo: kiasi hiki msimpe yeye, mleteni hapa. Kinaitwa kujieleza kama kweli kina deni naye, na kikikubali, malipo yanapinda kona yanakuja kwako. Hakuna kubomoa mlango, hakuna mnada, hakuna kugombana na mke wa mtu juu ya jokofu. Mshahara unakamatwa kwa njia hiyo hiyo kupitia mwajiri, ingawa sheria huacha sehemu mtu aishi. Marekani, kwa mfano, sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kukata zaidi ya asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya lazima, kwa madeni ya kawaida.

Ubaya ni kwamba chuo hakidaiwi na mdaiwa wako. Kinadaiwa na kampuni. Tangu kesi ya Salomon mwaka 1897 pale Uingereza, kampuni ni mtu mwingine kabisa, hata kama mwenye hisa ni mmoja na ofisi ni meza moja chini ya ngazi. Mahakama hufunua pazia la kati ya mtu na kampuni yake pale tu pana udanganyifu unaoonekana, na si kazi ya wiki moja. Watu wengi hufungwa goli kwa upande wa pili: wanaishtaki kampuni, wanashinda, wanakuta kampuni haina hata kiti, mali zote za mwenyewe. Wewe yako imegeuka, na kwa kweli una nafuu. Hisa zake kwenye hiyo kampuni ni mali yake, zinakamatika: mahakama inamzuia kuzihamisha na kupokea gawio. Na kama kampuni inamlipa chochote yeye kama yeye, hicho nacho ni chako.

Kabla ya yote hayo, omba aitwe ahojiwe kuhusu mali zake kwa kiapo. Hii njia watu wanaidharau sana. Anasimama kizimbani na nyaraka zake, anaulizwa ana nini, kiko wapi, nani anamdai, anamdai nani. Akidanganya amedanganya chini ya kiapo.

---

Kibao_Kata

Na ile pikapu ya shemeji?

---

Mpekuzi_wa_Zamani

Hapo niruhusuni mimi, maana kesi yake ina zaidi ya miaka mia nne na inafanana na hii kama mapacha.

Uingereza, bwana mmoja Pierce alikuwa anadaiwa na watu wawili. Mmoja, Twyne, alimdai pauni 400. Wa pili alimdai 200 na akamshtaki. Kesi ikiwa inaendelea, Pierce akampa Twyne mali zake zote kwa siri, kwa hati, kulipia lile deni. Deni la Twyne lilikuwa la kweli, sikiliza vizuri. Lakini Pierce hakuondoka na mali haikuondoka. Aliendelea kukaa nayo, akauza baadhi, akakata manyoya ya kondoo na kuwatia alama yake mwenyewe. Afisa wa mahakama alipokuja kukamata, watu wa Twyne wakamzuia.

Mwaka 1601 mahakama ikasema huo ni ulaghai, kwa sheria iliyotungwa 1571 chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Dalili walizozitaja bado zinatumika: mtu katoa kila kitu bila kujibakizia, kabaki akitumia kama mwenyewe, kafanya kwa siri, kafanya kesi ikiendelea. Ninayoipenda kuliko zote ni hii: hati yenyewe iliandika kwamba mali imetolewa kwa uaminifu na kwa nia njema. Majaji wakauliza, mtu mwenye nia njema anaandika hivyo kwa nini?

Fundi, pikapu inayoendeshwa na Pierce ni ya Pierce.

---

DadaWakili

Hadithi nzuri Mpekuzi, ila mwenzetu asije akadhani ataingia na karatasi ya kondoo atoke na gari. Pikapu ikikamatwa, shemeji ataleta pingamizi na kadi ya usajili yenye jina lake. Mahakama itatazama gari lilikuwa mikononi mwa nani siku ya kukamatwa, na kwa niaba ya nani. Kwa hiyo Fundi anza kuandika: tarehe, saa, mahali, nani alikuwa kwenye usukani. Piga picha ukiwa barabarani, usimfuate nyumbani kwake. Tafuta tarehe halisi ya uhamisho na uiweke pembeni ya tarehe ya hukumu. Uliza pia shemeji alilipa kiasi gani na hela ilipita wapi. Mtu aliyenunua gari kweli ana karatasi ya benki.

---

Salio_Sifuri

Niseme kutoka upande wa pili, mnitukane baadaye. Mimi nilikuwa mdaiwa.

Biashara ilianguka, nikashtakiwa, nikashindwa. Sikukimbia, nilinyamaza tu. Kila barua niliitia kwenye droo bila kufungua. Siku moja naamka alfajiri nachungulia dirishani, nje kuna gari limezima taa na watu wanne ndani. Dalali wa mahakama. Walikuwa wanangoja jua litoke, maana haruhusiwi kuingia nyumba ya mtu jua likishazama wala kabla halijachomoza. Nilikaa kitandani robo saa nzima nawatazama wananisubiri. Hiyo robo saa sijaisahau.

Walipoingia waliandika kila kitu. Kitanda na godoro wakaacha, vyombo vya kupikia wakaacha, nguo wakaacha, mashine ya kushonea ya mke wangu wakaigeuza geuza, dalali akasema hii ni zana ya kazi na tena si ya mdaiwa, iacheni. Wakabeba televisheni, makochi, jokofu, redio. Kwenye mnada vikauzwa bei ya kutupa. Televisheni ilienda kwa bei ya rimoti. Ikatolewa gharama ya dalali, ya usafiri, ya kuhifadhi. Aliyenidai alipata kitu kidogo sana, mimi nilikaa nyumba tupu, na deni karibu lote likabaki.

Yule mtu angenipigia akasema "lete kidogo kidogo, tuandikishane", ningelipa. Hatimaye ndivyo ilivyokuwa, baada ya sote kupoteza. Fundi, usikatae awamu kwa hasira.

---

Ngumi_Mkononi

Kwa hiyo makosa ni ya anayekudai? Barua ulizitia kwenye droo mwenyewe.

---

Salio_Sifuri

Sijasema hivyo. Nimesema makochi hayalipi deni.

---

Karani_Mstaafu

Salio amesema kweli na nimshukuru kwa kusema hadharani. Dalali analipwa kwanza. Ukitaka kumtuma, piga hesabu: hicho anachoenda kubeba kitatosha gharama zake na kikubakie? Nyumba ya mdaiwa je, haina rehani ya benki? Kama ina, benki inachukua kwanza, wewe unasubiri makombo. Na kama wadai mko wengi wenye tuzo kwa mtu mmoja na mmeomba kabla hela haijafika mahakamani, mnagawana kwa uwiano.

Awamu nakubali, kwa sharti moja. Msiandikiane kwenye daftari la duka. Makubaliano yaingizwe mahakamani yawe amri, na yaandikwe kabisa: awamu moja ikikosekana, salio lote linadaiwa papo hapo na maombi ya kukaza yanaendelea pale yalipoishia. Bila maneno hayo kila awamu atakayokosa itakuwa kesi mpya ya kubembelezana.

---

Kibao_Kata

Na sisi ambao hatujashtaki bado?

---

DadaWakili

Ninyi ndio mna bahati. Tafuta mali kabla ya kutafuta wakili. Jina kamili la kisheria la unayemdai, akaunti aliyokulipia, nani anampa kazi, mali ipi ina jina lake kwenye masjala. Ukiona kabisa anahamisha mali ili hukumu ikija ikute patupu, unaweza kuomba mali izuiwe kabla ya hukumu. Uingereza amri ya namna hiyo ilipata jina la Mareva kutokana na kesi ya mwaka 1975. Lakini lete ushahidi kwamba anahamisha. "Nahisi atakimbia" haitoshi.

Na wenye mikataba na watu wa nchi nyingine, fikirieni kipengele cha usuluhishi. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 umefanya uamuzi wa wasuluhishi utambulike katika nchi nyingi sana, kuliko hukumu ya mahakama ya kawaida ambayo kila nchi ina masharti yake.

---

Fundi_Vyuma

*(miezi mitatu baadaye)*

Wakuu nimerudi, na niliahidi mrejesho.

Tuzo nilipata baada ya wiki mbili. Nikaomba aitwe ahojiwe, na kwenye maombi nikataja hisa zake na pikapu. Mara ya kwanza hakuja. Mara ya pili akaja na suti.

Akaulizwa anaishi kwa kazi gani. Akasema hana kazi, anasaidiwa na shemeji. Akaulizwa kampuni inamlipa nini. Akasema kampuni haina faida. Hakimu akamwambia atoe taarifa ya benki ya miezi mitatu aliyoagizwa kuja nayo. Akaitoa taratibu kama anatoa mwiba. Kila tarehe 28 kuna hela inaingia kutoka kampuni yake. Hakimu akaisoma, akaiweka chini, akashusha miwani, akamuuliza, "Huyu anayekulipa tarehe 28 ndiye shemeji?"

Pakawa kimya. Mtu mmoja nyuma yangu akakohoa.

Yeye mwenyewe akaomba awamu sita. Nilitaka kukataa, nikamkumbuka Salio_Sifuri na makochi yake, nikakubali. Imeandikwa kama alivyosema mzee Karani, hadi yale maneno ya salio lote. Maombi ya pikapu hayajafutwa, yamelala tu. Awamu ya kwanza imeingia tarehe 29. Ya pili imechelewa siku mbili, nikampigia, na safari hii alipokea mlio wa kwanza.

---

Karani_Mstaafu

Hongera kijana. Kila awamu ikiingia, ijulishe mahakama na utunze karatasi. Mwisho wa safari mtabishana hesabu, nakuhakikishia.

---

Kibao_Kata

Na keria?

---

Fundi_Vyuma

Bado iko juu ya gari. Nimeiona leo asubuhi. Weld yangu haijapasuka hata kidogo.